Kelele, mwanga, joto na mtetemo katika karakana zetu: tuanze na mashine, vifaa kinga vifuate

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nyuzi za usalama kazini huanzishwa mara nyingi baada ya ajali: kidole kimekatwa na msumeno, kibarua ameanguka kutoka ghorofani, fundi amepigwa na umeme. Ninaomba leo tuzungumzie kundi la vihatarishi ambavyo wataalamu huviita vya kifizikia, yaani kelele, mtetemo, joto kali, mwanga na mionzi, pamoja na shinikizo la hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi. Vingi kati ya hivi havimwagi damu siku ya kwanza. Fundi hurudi nyumbani akiwa mzima, kesho anaamkia kazini kama kawaida, na baada ya miaka kadhaa ndipo watu wa nyumbani kwake wanaanza kulalamika kwamba redio inafunguliwa kwa sauti ya kuwaudhi majirani.

Nitatumia mfano wa karakana ndogo ya vyuma, ile ya mageti, madirisha na vitanda, kwa sababu ndiyo ninayoikagua mara kwa mara, na kwa sababu ndani ya hatua chache utakuta humo karibu vihatarishi vyote nilivyovitaja. Anayefanya useremala Keko, Dar es Salaam, au anayefua mabati Kamukunji kule Nairobi, atakutana humu na mambo anayoyaona kila siku.

Hoja yangu ni kwamba karakana nyingi huanzia udhibiti mwishoni. Mwenye karakana akiambiwa kuna hatari, hukimbilia dukani kununua miwani, glavu na vizibo vya masikio, huvigawa, hupiga picha, na suala huhesabiwa kuwa limekwisha. Utaratibu unaokubalika katika fani hii ni wa kinyume: ondoa kihatarishi kabisa, ukishindwa, badilisha mashine au namna ya kufanya kazi, ukishindwa, kitenganishe na mtu kwa kava, ukuta au umbali, kisha panga muda na zamu, halafu vifaa kinga vije kushughulikia kile kilichobaki. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Kava iliyofungwa kwa bolti hufanya kazi hata kama fundi amechoka, amekasirika au anamkimbizia mteja kazi yake, ilhali kizibo cha sikio hufanya kazi pale tu kinapokuwa sikioni. Mabango ya "Usalama Kwanza" nimeyaona yametundikwa juu ya mashine zisizo na kava.

Nianze na kelele, kwa kuwa ndizo rahisi kuzitambua na ndizo zinazodharauliwa zaidi. Huhitaji kifaa chochote ili kuanza. Simama umbali wa urefu wa mkono kutoka kwa mwenzako wakati mashine zinafanya kazi, kisha mwambie jambo kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Ikiwa unalazimika kupaza sauti ili akusikie, kuna uwezekano mkubwa kwamba mahali hapo pamevuka desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), kiwango ambacho taasisi nyingi za afya kazini hukichukulia kuwa ukomo wa kukaa nacho kwa saa 8 kwa siku. Programu za simu za kupima sauti husaidia kulinganisha kona moja ya karakana na nyingine, ingawa vipimo vyake havifai kuwekwa mezani kama ushahidi, kwa sababu maikrofoni ya simu haikurekebishwa kwa kazi hiyo.

Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila zinapoongezeka 3, nishati ya sauti inayoingia sikioni huwa maradufu, na kwa hesabu hiyo muda salama hupungua kwa nusu: saa 8 kwa desibeli 85, saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa 1 kwa 94, na dakika 15 tu kwa 100. Grinda inayokata bomba la chuma hufika 100 bila taabu. Kwa hiyo fundi aliyeanza kukata vyuma vya geti saa 2 asubuhi amekwisha kumaliza mgawo wake wa siku nzima kabla chai haijaletwa. Kinachoharibika ni seli ndogo zenye vinyweleo zilizo ndani kabisa ya sikio, na seli hizo zikifa hazioti nyingine. Uharibifu huanzia kwenye sauti nyembamba, karibu na hetsi 4,000, ndiyo maana mtu huendelea kusikia ngurumo ya lori vizuri kabisa huku akianza kupoteza maneno ya watoto pale wanapozungumza watu wengi kwa pamoja.

Sasa tazama kelele za grinda zinatoka wapi. Sehemu kubwa haitoki kwenye mota. Inatoka kwenye chuma chenyewe, kinacholia kwa sababu kimelazwa juu ya matofali mawili na kukanyagwa kwa mguu. Kibane kwenye vaisi au kwa klempu, na upande wake wa pili ulaze juu ya mfuko wa mchanga au kipande cha tairi la gari, na sauti itapungua kwa kiasi ambacho utakisikia mara moja. Papo hapo utakuwa umepunguza pia mtetemo unaopanda mikononi na hatari ya grinda kuruka. Kompresa, mashine ya kushindilia hewa, nayo haina sababu ya kukaa katikati ya mafundi. Itolewe nje, ijengewe kibanda chenye paa na nafasi ya kupitisha hewa, na mpira wake wa kupitisha hewa urefushwe. Mahali pa wazi, kila unapoongeza umbali mara mbili kutoka kwenye mashine, kelele hupungua kwa takriban desibeli 6. Ndani ya kuta za mabati faida hiyo ni ndogo zaidi, kwa kuwa bati huirudisha sauti.

Nikiwa bado kwenye grinda, naomba nikae kidogo kwenye diski yake, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na mafundi karibu kila ukaguzi. Grinda ndogo ya inchi 4 na nusu huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 imeandikwa usoni pake ukomo wa karibu 8,500. Fundi anayetaka kukata kina kirefu hufungua kava, kwa kuwa diski kubwa haiingii, na kuifunga diski hiyo ya inchi 7 kwenye grinda ndogo. Ukipiga hesabu, ukingo wa diski unakwenda zaidi ya mita 100 kwa sekunde ilhali imetengenezwa kwa mita 80, na kwa kuwa nguvu inayoivuta ipasuke huongezeka kwa mraba wa mwendo, inabeba zaidi ya mara moja na nusu ya mzigo iliyoundiwa. Ikipasuka, kava ndiyo iliyotakiwa kusimama kati yake na uso wa fundi, na kava iko ndani ya kopo la misumari. Tazama vilevile pete ndogo ya chuma iliyo katikati ya diski: katika diski zinazofuata viwango vya Ulaya, hapo huchapwa tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe za kukatia hudhoofika kwa umri na unyevu. Diski iliyokaa muda mrefu kwenye duka lenye unyevu la pwani, hata kama bado ni mpya machoni, haistahili kuaminiwa.

Mwanga wa kuchomelea una mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Mionzi hiyo huunguza sehemu ya mbele ya jicho, lakini maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku wa manane, macho yakiwasha na kutoa machozi kana kwamba yamejaa mchanga. Kuchelewa huko ndiko kunakowafanya vijana waamini kwamba wakifumba macho wakati wa kugusisha elektrodi, yaani kijiti cha kuchomelea, wameokoka. Miwani ya jua, hata iwe nyeusi tii, si kinga ya kazi hii: haikutengenezwa kwa mwanga wa ukali huo, na huacha pande zote za uso wazi. Kioo cha kinyago huandikwa namba yake pembeni, na kwa elektrodi zinazotumika kwenye mageti na madirisha, namba 10 au 11 ndiyo inayofaa. Miwani ya kukatia kwa gesi yenye namba 5 isitumike kwenye kuchomelea kwa umeme, ingawa dukani hukaa kwenye rafu moja.

Anayesahauliwa ni msaidizi. Fundi ana kinyago, lakini kijana anayeshika chuma amegeuza shingo tu, na ukuta wa bati linalong'aa nyuma yake unamrudishia mionzi usoni. Vivyo hivyo mpita njia, muuza karanga, na mwanafunzi anayetoka shule, kwa kuwa karakana zetu nyingi huchomelea kando ya barabara. Hapa udhibiti wa kihandisi ni wa bei ndogo: jenga pazia la bati pande tatu, ulipake rangi isiyong'aa, na utumie klempu na sumaku za pembe kushika vyuma ili msaidizi asihitajike kabisa wakati wa kuchomelea. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mionzi ya urujuanimno ya kuchomelea, pamoja na moshi wake, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Mikono mirefu na shingo iliyofunikwa, kwa hiyo, ni sehemu ya kazi hata Dar es Salaam mwezi wa Februari, jambo ambalo linatuleta moja kwa moja kwenye joto.

Joto la karakana lina vyanzo vinne vinavyojumlishwa: hewa yenyewe, unyevu wake, mionzi inayoshuka kutoka kwenye bati la paa, na joto ambalo mwili wa fundi unalizalisha kwa kufanya kazi. Kipima joto cha ukutani husema habari ya kimoja tu. Ndiyo maana wataalamu hutumia kipimo kinachochanganya vitatu vya kwanza, ambacho ndani yake kipima joto kilichofunikwa kitambaa kibichi hupewa uzito wa asilimia 70, kwa kuwa katika hewa yenye unyevu jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Kisha matokeo husomwa kwa kuzingatia uzito wa kazi yenyewe. Kwa mwenye karakana isiyo na kifaa hicho, dalili zinatosha kuanzia: mkojo wa rangi nzito, misuli kukaza, kichwa kuuma, na watu wazima kuanza kukoseana adabu kuanzia saa 8 mchana. Fundi akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura ya hospitali. Wakati usafiri unatafutwa apelekwe kivulini, apunguzwe nguo, amwagiwe maji na kupepewa bila kukoma.

Udhibiti uanzie kwenye paa. Bati lililopakwa rangi nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua. Dari ya mbao laini au ya vifaa vya kuzuia joto huzuia mionzi isishuke. Na upenyo ulioachwa juu kabisa ya ukuta hutoa hewa moto inayojikusanya pale. Kazi nzito zifanywe asubuhi. Maji yanywewe kidogo kidogo, kikombe kimoja kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Anayehitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko wote ni mgeni, kwa kuwa mwili huchukua wiki moja hadi mbili kuzoea joto la kazi. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mfanyakazi mpya apewe asilimia 20 ya muda wa kawaida kwenye joto siku ya kwanza, kisha aongezewe 20 nyingine kila siku. Sisi tunafanya kinyume chake: kibarua mpya ndiye anayepewa kazi ngumu zaidi siku ya kwanza ili aonekane kama anafaa.

Kuhusu mtetemo nitasema machache. Ganzi na vidole kuwasha baada ya kutumia grinda au mashine ya kubomolea zege ni dalili za mwanzo za mishipa na neva kuumia. Vitabu vingi huzungumzia vidole kuwa vyeupe, lakini weupe huo huchochewa na baridi, kwa hiyo katika hali ya hewa yetu ya joto unaweza usionekane kabisa huku madhara yakiendelea. Ulizeni habari ya ganzi usiku, na ya kushindwa kufunga vifungo vya shati.

Kisheria, kwa Tanzania Bara, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, OSHA, inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi, atathmini vihatarishi, na awapime afya wafanyakazi wanapoajiriwa, wakati wa ajira na wanapoondoka. Kwa Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kudhibiti kelele zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa 8, na zinamtaka mwenye eneo awe na mpango wa kulinda masikio pale kelele zinapozidi 85.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji, mmiliki wa karakana, Mwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Hata hivyo naona umeandika kama vile sote tuna mtaji. Mimi nina mafundi watano, pango la kiwanja linapanda kila mwaka, na mteja wa geti anapunguza bei hadi inabaki faida ya sabuni. Vizibo vya masikio ninaweza kuvinunua leo. Kuhamisha kompresa, kupaka paa rangi na kujenga pazia ni mambo ambayo nitayafanya lini? Tena mafundi wenyewe hawavai hata vile vichache nilivyowanunulia.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki, na nadhani jibu lake liko ndani ya sentensi yako ya mwisho. Umekwisha kutumia fedha kwa vifaa ambavyo havivaliwi. Chukua mfano wa vifuniko vizuri vya masikio vinavyopunguza desibeli 30. Fundi akivivua kwa nusu ya muda wa kelele, kinga anayobaki nayo kwa siku nzima si 15 kama wengi wanavyodhani, bali ni 3 hivi, kwa sababu ile nusu ya pili imemwingizia nishati yote. Akivivaa kwa asilimia 90 ya muda, hapati zaidi ya desibeli 10. Kwa hiyo kifaa cha bei ya juu kisichovaliwa mfululizo kinakupa kidogo kuliko mfuko wa mchanga uliowekwa chini ya chuma, ambao umeupata bure.

Ningeanza na visivyohitaji fedha: kurudisha kava zote za grinda zilizofunguliwa, na kutupa diski zisizolingana na mashine, kubana vyuma badala ya kuvikanyaga, kupanga kazi zote za kukata zifanywe kwa mkupuo mmoja, upande mmoja wa kiwanja, na mtu mmoja au wawili wanaopokezana, badala ya kila fundi kukata mahali alipo na kuwapigia kelele wote watano. Pazia la kuchomelea unaweza kulitengeneza kwa mabati yaliyobaki kwenye kazi za wateja, na fundi wa kulitengeneza unaye. Paa lisubiri msimu wa kazi nyingi.

Kuhusu mafundi kutovaa, waulize kwa nini kabla ya kuwakaripia. Mara nyingi utaambiwa kwamba kinyago kina kioo kilichochubuka kisichoonyesha mshono, au kwamba vizibo ni vikubwa kwa masikio yao. Kioo cha juu cha kinyago, kile cheupe cha kukinga cheche, huuzwa peke yake kwa bei ndogo na kinatakiwa kubadilishwa mara kwa mara.

Mchangiaji, fundi wa mabati, Nairobi

Hamjambo wenzangu. Sisi huku tunafua masanduku na majiko kwa nyundo tangu asubuhi hadi jioni, mamia ya watu bega kwa bega. Nikiacha mimi, jirani anaendelea. Nami nimefanya kazi hii tangu nikiwa kijana na sikio limezoea. Siku za mwanzo lilikuwa linavuma usiku, sasa halivumi tena. Je, bado kuna haja?

Mwanzisha uzi

Ndugu, sikio halina uwezo wa kuzoea kelele. Kinachoitwa kuzoea mara nyingi ni kwamba seli zilizokuwa zikilalamika zimekwisha kufa. Kupungua kwa mvumo, kwa hiyo, kusikupe faraja. Nenda ukapimwe usikivu kwenye kliniki ya masikio, na uende asubuhi baada ya siku ya mapumziko, kwa sababu kelele za jana yake huvuruga vipimo kwa muda.

Kuhusu jirani, umegusa jambo ambalo miongozo mingi iliyoandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa hailifikirii. Mahali kama hapo kila mtu ni mwajiri wa nafsi yake na kelele ni za wote. Hapa ndipo chama cha mafundi kinapoweza kufanya kile ambacho mtu mmoja hawezi. Mlio wa bati ni matokeo ya kulipiga likiwa linaning'inia au likiwa juu ya chuma kitupu. Likilazwa juu ya gogo la mbao, au likiwekewa tabaka la mpira mnene kwenye sehemu isiyopigwa, hulia kidogo zaidi. Kunyoosha kwa nyundo ya mbao au ya plastiki ngumu kunatosha kwa hatua nyingi, na nyundo ya chuma ibaki kwa kona na mikunjo. Mashine ya kukunjia bati inayotumiwa kwa zamu na kikundi inaondoa mapigo mengi kabisa, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza katika ule mpangilio nilioutaja. Baada ya hayo, kwa mazingira yenu, vizibo vya masikio ni vya lazima kwa kila aliye ndani ya uwanja, hata muuza chai.

Mchangiaji, mama mwenye mashine ya kusaga, Morogoro

Naomba kuuliza, ingawa yangu si karakana. Nina mashine ya nyundo ya kusaga na kukoboa. Miezi ya karibuni imekuwa ikitetemeka hadi sakafu inapasuka, na kelele zimezidi. Kijana anayeiendesha ananiambia ni kawaida ya mashine kuzeeka. Mkanda wake uko wazi, kwani kava iliondolewa na fundi aliyekuja kubadilisha beringi na hakuirudisha.

Mwanzisha uzi

Mama, shikamoo. Nakuomba mashine hiyo isiwashwe mpaka kava ya mkanda irudi, hata kama ni ya wavu wa chuma iliyotengenezwa mtaani, mradi mkono wa mtoto usipenye. Mahali pa kusaga wateja wako wengi huja na kanga na vitenge, na mkanda ukishika pindo la kitambaa hakuna anayewahi kufika kwenye swichi.

Kutetemeka kulikoongezeka katika miezi michache ni ugonjwa wenye sababu. Mara nyingi nyundo za ndani zimelika kwa viwango tofauti, au moja imebadilishwa peke yake, na mhimili umepoteza ulinganifu. Nyundo hugeuzwa au kubadilishwa kwa seti nzima, na zile zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Mwambie fundi azipime kwenye mizani mbele yako. Sababu ya pili ni beringi, ambayo utaitambua kwa joto la kizimba chake na kwa mlio wa kukwaruza mashine inapopunguza mwendo. Sababu ya tatu ni bolti za msingi kulegea. Ukishazitatua hizo, weka vipande vya mpira mnene kati ya fremu na sakafu. Utaona kelele zimepungua bila kununua kizibo hata kimoja, ingawa kijana wako bado atavihitaji.

Wakati wa matengenezo yote hayo, swichi kuu izimwe na ifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake unakaa mfukoni mwa fundi aliyeingiza mkono. Kuning'iniza kibao cha "usiwashe" hakutoshi mahali ambapo wateja wanaharakisha unga.

Mchangiaji, mnunuzi wa vyuma chakavu, Dar es Salaam

Umetaja mionzi ya kuchomelea tu. Sisi tunaonunua vyuma chakavu hukutana na vifaa vya ajabu vya hospitali na viwandani. Je, nasi tuna la kuhofia?

Mwanzisha uzi

Ndiyo, na mfano wake unajulikana dunia nzima. Mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu wawili walichukua sehemu ya mashine ya tiba ya mionzi iliyoachwa kwenye kliniki isiyotumika, wakaifungua na kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu 137 uliong'aa rangi ya buluu gizani, na watu wakagawiana kwa sababu ulipendeza. Wanne walifariki, na watu 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi.

Kanuni ya dukani kwako iwe hivi: kipande chochote chenye alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu yanayozunguka duara, mara nyingi kwenye rangi ya njano, na kipande chochote kidogo chenye uzito usiolingana na ukubwa wake, kwa kuwa huenda kimezungushiwa madini ya risasi ya kuzuia mionzi, kisikatwe, kisipigwe nyundo na kisihamishwe. Waondoe watu, weka umbali, na uwasiliane na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ina ofisi Arusha na kwingineko. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi kutoka kwenye kipande kidogo hupungua hadi robo, kwa hiyo hatua chache za kurudi nyuma zina thamani kubwa wakati unasubiri.

Mchangiaji, fundi wa kuchomelea, Dodoma

Kwanza, macho yakishaunguzwa, tufanye nini? Huku wengine huweka maziwa, wengine kipande cha kiazi. Pili, umegusia shinikizo la hewa mwanzoni kisha hukulirudia.

Mwanzisha uzi

Kwa macho: yafumbwe na kupumzishwa gizani, kitambaa safi chenye maji baridi kiwekwe juu ya kope, na dawa ya kawaida ya maumivu inywewe. Mara nyingi hupona ndani ya siku 1 au 2. Maziwa na kiazi haviui mionzi iliyokwisha kupita, na vinaweza kuingiza vijidudu kwenye jicho lenye kidonda. Matone ya ganzi yasinunuliwe kiholela, kwa sababu huondoa maumivu huku yakichelewesha kidonda kupona. Ikiwa maumivu yapo jicho moja tu, au uoni umepungua, au hali haijabadilika baada ya siku 2, nenda hospitali upesi. Huenda ni kipande cha chuma kimeingia.

Kwa shinikizo: hewa inaposhindiliwa, mvuke uliomo hugeuka maji na kutua chini ya tangi la kompresa, na tangi huliwa na kutu kutoka ndani, mahali usipopaona. Chini yake kuna koki ndogo. Ifunguliwe kila siku jioni, shinikizo likiwa limepunguzwa, mpaka maji ya rangi ya kahawia yaishe na itoke hewa tupu. Vali ya usalama, ile yenye pete ndogo ya kuvuta, ijaribiwe mara kwa mara. Ikiwa imeganda kwa rangi au imezibwa kwa bolti, kama nilivyokuta kwenye vibanda kadhaa vya pancha, kompresa izimwe hadi ibadilishwe. Tangi lililotoboka kwa kutu lisichomelewe kiraka, kwa kuwa bati linalokizunguka kiraka limekwisha kuwa jembamba vilevile. Kwa wanaojaza upepo tairi za malori zenye ringi za vipande, tairi iingizwe kwenye kizimba cha chuma, kichwa cha kujazia kiwe cha kubana chenyewe, mpira uwe mrefu, na fundi asimame pembeni mwa njia ya ringi. Wengi huinama juu yake ili wasikie kama inavuja. Maji ya sabuni yanafanya kazi hiyo baada ya tairi kujaa, mtu akiwa nje ya kizimba.